SOMO: Namna ya kupendekeza kipengele kipya cha klasi kwenye Python

Wadau mambo vipi, vijana wengi wanaoandika kodi wanadhani Python inabadilishwa na watu fulani tu waliojifungia huko, siyo kweli, mlango uko wazi ila una utaratibu wake na hati yenyewe inaitwa PEP (Python Enhancement Proposal, yaani pendekezo la kuboresha Python).

Hatua ya 1: Anza na kero, sintaksi (namna ya kuandika kodi) baadaye. Chukua klasi ya Mwanafunzi, kwenye __init__ unaandika jina kama parameta halafu chini self.jina = jina, yaani neno moja mara tatu, ongeza umri na shule, na hapo __repr__ (ya kuonyesha objekti kama maandishi) na __eq__ (ya kulinganisha objekti mbili) bado hujazigusa. Kero hiyo ndo dataclass inaitibu kwa kukuandikia hizo zote yenyewe, PEP 557 ya Eric V. Smith, ikaingia Python 3.7 mwaka 2018. Na hakuomba sintaksi mpya, ni dekoreta tu, yaani alama ya @ na jina unayoweka juu ya klasi.

Hatua ya 2: Chimba historia. Kuweka @classmethod juu ya @property ili upate propati (thamani inayokokotolewa unapoisoma) ya klasi nzima kuliruhusiwa toleo la 3.9, wakaona msingi wake una kasoro, toleo la 3.13 wakaondoa kabisa. Ukienda kuomba hicho kitu bila kujua haya hoja yako inakufa siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Toa laibrari kwanza watu waitumie. Hapa nasisitiza sana jamani! attrs, laibrari inayotibu kero hiyohiyo, ilikuwepo kabla ya dataclass, watu walishaona faida yake kwenye kazi zao, ushahidi wa namna hiyo unashinda maneno matamu.

Hatua ya 4: Kama we siyo developa mkuu (core developer) wa Python tafuta mmoja wao akudhamini, kisha jaza kiolezo cha kuandikia PEP kilichopo kwenye PEP 12, usiruke sehemu ya kodi za zamani kuvunjika wala ya mawazo yaliyokataliwa. Uamuzi ni wa baraza la uongozi wa Python (Steering Council) la watu 5, au mtu waliyemkabidhi.

MASWALI

Mkuu, lazima nijue C, lugha iliyoandikiwa Python yenyewe?
Inategemea. dataclass imeandikwa kwa Python yenyewe, fungua faili la dataclasses.py usome. Ukitaka sintaksi mpya hapo C utaigusa.

Wakikataa je?
PEP inabaki na sababu zake zimeandikwa, na laibrari yako hakuna anayeifuta, attrs mpaka leo watu wanaiinstoo kwa pip, kile kifaa cha kusakinisha laibrari za Python.

Kiingereza changu cha kuungaunga kaka, si watanipuuza?
Hapana mdogo wangu, weka kodi ya kabla na ya baada, fupi, inayorani. Sentensi mtanyoosha na mdhamini wako.