Somo: Kukokotoa mwezi mwandamo kwa Python, na saa mnazokosea

Assalaam aleikum, na habari zenu wote. Kila Shaabani ikielekea ukingoni napata ujumbe uleule: "Namba za programu yangu haziendani na nilichokiona angani, kosa liko wapi?" Nimemjibu mmoja mmoja miaka mitatu. Sasa naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Tutatumia lugha ya programu ya Python pamoja na Astropy. Astropy ni maktaba ya falaki iliyoanzishwa mwaka 2011, wanafalaki walipochoka kila mmoja kujiandikia vifaa vyake vilevile upya. Ni ya bure. Mfano wetu ni jioni ya tarehe 9 Aprili 2024 hapa Mji Mkongwe, Unguja. Nimeuchagua kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo jua na mwezi vilikutana saa 3 na dakika 21 kwa saa zetu. Ni mkutano uleule ulioleta kupatwa kwa jua kule Mexico, Marekani na Kanada, kwa hiyo wakati wake hauna ubishi.

Hatua ya 1. Sakinisha Python 3. Kwenye Windows usisahau kuweka tiki pale penye PATH.

Hatua ya 2. Fungua teminali, andika `pip install astropy`. NumPy, maktaba ya mahesabu, itakuja nayo. Ni makumi ya megabaiti, kwa hiyo angalia bando lako kwanza.

Hatua ya 3. Eleza uko wapi.

```
import astropy.units as u
from astropy.time import Time
from astropy.coordinates import EarthLocation, AltAz, get_body

mahali = EarthLocation(lat=-6.16*u.deg, lon=39.19*u.deg, height=10*u.m)
```

Ile alama ya kutoa kwenye latitudo ni kusini mwa ikweta. Ukiisahau, programu haitalalamika. Itakupeleka kaskazini mwa ikweta, na kimo cha mwezi kitapotoka kwa karibu digrii 3, kosa dogo kiasi kwamba utaliamini.

Hatua ya 4. Wakati. Hapa someni polepole.

Astropy haijui kama uko Unguja. Ukiiandikia saa bila maelezo, inaichukua kuwa ni UTC, saa ya dunia nzima. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3. Tena sisi Waswahili tuna saa nyingine kichwani. Jua la jioni ile lilizama karibu saa 12 na dakika 24 kwa mdomo, 18:24 kwa simu, na 15:24 kwa UTC. Jua moja, namba tatu.

Nilipoanza kazi hii, jioni moja mwezi ulikuwa wa siku ya pili. Niliandika 18:30 na nikaridhika. Programu ikanijibu kwamba mwezi uko chini ya upeo wa macho kwa digrii zaidi ya 20. Nikawaambia vijana niliokuwa nao Forodhani wakunje darubini, mwezi umeshatua. Walikuwa wanafunga miguu ya darubini pale mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliponyoosha sindano yake ya mti kuelekea magharibi, akauliza: "Na ule pale juu ya tanga ni nini?" Ulikuwa mwezi. Ulikuwa umelala chali, ncha zote mbili zikitazama juu, kama ulivyo kwetu huku karibu na ikweta, na ngalawa ikapita chini yake taratibu. Usiku kucha nilitafuta kosa kwenye fomula. Fomula ilikuwa sawa. Niliuliza mwezi wa saa 3 na nusu usiku, nikadhani nimeuliza wa saa 12 na nusu jioni. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, na saa 3 ni digrii 45 za mbingu. Wale vijana nilikwisha kuwapa habari ya uongo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi andika hivi:

```
wakati = Time("2024-04-09 18:24:00") - 3*u.hour
```

Onyo: usiiingize saa ya Kiswahili kama ilivyo. Ukipenda kwenda moja kwa moja kutoka saa yetu hadi UTC, saa za mchana, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 3. Saa za usiku, kuanzia saa 1 ya magharibi hadi alfajiri, ongeza 15, na ikizidi 24 toa 24. Saa 12:24 jioni inakuwa 15:24. Saa 3:21 usiku inakuwa 18:21. Jaribu kwa vidole kabla hujaniamini.

Onyo jingine: kuanzia saa 6 usiku hadi kabla ya saa 9 usiku, UTC bado iko tarehe ya jana. Ukiandika UTC kwa mkono, rudisha na tarehe.

Na onyo kwa watu wa pwani hasa: kwetu "usiku wa Ijumaa" ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Mtu akikupa habari ya kuonekana kwa mwezi, muulize tarehe, usimuulize jina la usiku.

Hatua ya 5. Uliza mbingu.

```
anga = AltAz(obstime=wakati, location=mahali)
mwezi = get_body("moon", wakati, mahali).transform_to(anga)
jua = get_body("sun", wakati, mahali).transform_to(anga)
print(mwezi.alt.deg, jua.alt.deg, mwezi.separation(jua).deg)
```

Utapata mwezi juu ya upeo kwa karibu digrii 8, jua chini kidogo ya sifuri, na umbali kati yao karibu digrii 12. Ukipata mwezi uko zaidi ya 30 chini ya sifuri, rudi hatua ya 4. Mafunzo ya zamani hutumia `get_moon`. Iacheni hiyo, imeshaondolewa kwenye matumizi.

Namba ya tatu iangalieni vizuri. Mwanafalaki Mfaransa André Danjon alionyesha, miaka ya 1930, kwamba umbali ukiwa chini ya digrii 7 hivi, hilali haionekani, kwa sababu ukingo wenye mwanga unakuwa mwembamba mno. Digrii 12 ni nafasi nzuri, mawingu yakikupa ruhusa.

Hatua ya 6. Toka nje ukaangalie. Namba ambayo hujaipima na mbingu hata mara moja usimpe mtu.

Sasa maswali.

KijanaTemeke: Mkuu mbona haifanyi kazi?

Mwandishi: Nini hakifanyi kazi? Bandika ujumbe wa kosa wote, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

KijanaTemeke: Inasema No module named 'astropy'

Mwandishi: Hatua ya 2. Kama uliifanya kweli, basi una Python mbili kwenye kompyuta moja. Andika `python -m pip install astropy`, halafu endesha faili lako kwa amri hiyohiyo ya `python`.

Binti_Mkoani: Shukrani sana kaka. Nimefuata yote, mwezi umetoka 8 na kitu. Lakini jua linasoma chini ya sifuri wakati ulisema ndipo linapozama. Mbona si sifuri? Nimerudia mara nne nikidhani nimekosea.

Mwandishi: Dada, hujakosea, na swali lako ni zuri kuliko somo langu. Namba ya programu ni ya kitovu cha jua, bila hewa. Sisi tunasema jua limezama pale ukingo wake wa juu unapopotea. Kutoka kitovu hadi ukingo ni dakika 16 za digrii (digrii moja ina dakika 60). Halafu hewa inaupinda mwanga, na pale kwenye upeo inalinyanyua jua kwa dakika 34 hivi. 16 na 34 ni 50, yaani digrii 0.83. Kwa hiyo jua unaloliona likigusa bahari pale Mkoani kwa hesabu limeshazama lote. Ukitaka Astropy ihesabu na hewa, weka `pressure=1010*u.hPa` ndani ya `AltAz`. Usipoiweka, inachukulia hakuna hewa kabisa. Ndiyo maana programu za simu zinatofautiana nayo kidogo. Mwezi ukiwa kwenye digrii 8 tofauti ni ndogo, lakini ukishuka chini ya 2 utaiona.

Binti_Mkoani: Nimeelewa! Sasa nataka kila dakika 5 mpaka mwezi utue. Nimeandika for lakini inachukua muda.

Mwandishi: Usizungushe. Ipe Astropy nyakati zote kwa pamoja:

```
import numpy as np
nyakati = wakati + np.arange(0, 61, 5)*u.min
```

Halafu kila palipo na `wakati` kwenye hatua ya 5 weka `nyakati`. Itakupa orodha ya vimo 13 kwa mpigo. Utaona mwezi ule ulivuka sifuri kati ya dakika ya 35 na 40 baada ya jua. Huo ndio muda wote mliokuwa nao wa kutafuta.

MtuWaNamba: Ndugu, Python ni ya polepole. Kazi za sayansi zinafanywa kwa lugha ya C.

Mwandishi: Kazi nzito ndani ya NumPy imeandikwa kwa C, na mahesabu ya nafasi za nyota ndani ya Astropy yanafanywa na ERFA, ambayo nayo ni C. Wewe unaandika mistari kumi inayosomeka, C inabeba mzigo. Picha ya shimo jeusi la M87 iliyotolewa Aprili 2019 ilipitia programu za Python. Kwa mwezi wa Unguja inatosha.

MtuWaNamba: Sawa. Na hizo `u.deg` za kila mahali ni za nini? Zinachosha.

Mwandishi: Zinakulinda. Mwaka 1999 chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa paundi na nyingine ikazisoma kuwa ni nyutoni. Ukijaribu kujumlisha digrii na saa, Astropy inakataa palepale. Mimi nataka ikatae.

Sultan_wa_Kodi: Nimetumia Time.now() nikatoa saa 3 kama ulivyosema. Jua linazama, mwezi uko digrii 50 juu. Somo lako lina kosa.

Mwandishi: `Time.now()` tayari inatoa UTC. Umetoa mara mbili. Nimesema utoe 3 kwenye saa uliyoiandika mwenyewe kwa mkono. Ila kweli sikuitaja `Time.now()` kwenye somo, na nilipaswa. Atakayeitumia asitoe chochote.

Kaka_Lubumbashi: Na sisi wa Lubumbashi?

Mwandishi: Toa 2 badala ya 3. Bujumbura na Kigali vilevile. Aliyeko Muscat atoe 4. Na njia yangu ya kuongeza 3 na 15 ni ya walio mbele ya UTC kwa saa 3 tu, ninyi msiichukue. Latitudo ya Lubumbashi ni -11.66, longitudo 27.48.

Kaka_Lubumbashi: Asante. Mimi kazini sitoi kwa mkono kabisa. Natumia `zoneinfo` ya Python yenyewe: `datetime(2024, 4, 9, 18, 24, tzinfo=ZoneInfo("Africa/Lubumbashi"))`, halafu naiweka ndani ya `Time`, inageuza yenyewe kuwa UTC.

Mwandishi: Hii ni bora kuliko yangu. Jamani, fuateni hii. Kwa Unguja na bara andikeni `Africa/Dar_es_Salaam`, Mombasa `Africa/Nairobi`. Inataka Python 3.9 kwenda mbele, na kwenye Windows ongezeni `pip install tzdata`.

Abuu_H: Kwa hiyo mnataka tuache kuutazama mwezi tuifuate kompyuta?

Mwandishi: Soma hatua ya 6. Hukumu ya kufunga na kufungua si yangu na sikuigusa. Programu inakuonyesha utazame upande gani, kimo gani, kwa dakika ngapi. Na ikikwambia mwezi umetua kabla ya jua, inakusaidia kumuuliza vizuri anayekuja na habari kwamba ameuona.

Abuu_H: Haya, hapo tumeelewana.

MvuviWaNungwi: Mimi huwa niko mahali hakuna mtandao, ikianza inatafuta intaneti halafu inaniletea makosa. Nifanyeje?

Mwandishi: Swali la maana. Astropy hupakua majedwali madogo ya mzunguko wa dunia, kwa sababu dunia haizunguki sawasawa kabisa. Kwa hilali tofauti yake huioni kwa jicho. Weka juu ya faili lako:

```
from astropy.utils import iers
iers.conf.auto_download = False
iers.conf.auto_max_age = None
```

Itatumia ya ndani iliyokuja nayo.

Binti_Mkoani: Kaka, la mwisho. Nina darubini ya mkono ya 7x50 ya marehemu baba. Inafaa?

Mwandishi: Inafaa sana. Inaonyesha eneo pana, kwa hiyo huna haja ya kulenga sana. Tafuta kwanza kitu cha mbali, jahazi au kisiwa, uweke macho sawa, maana ukianza na anga tupu hujui kama imekaa. Halafu panda juu ya upeo kwa kimo ulichopewa. Ngumi yako ukiinyoosha mkono wote ni kama digrii 10. Na tafadhali sana, usiielekeze magharibi kabla jua halijazama lote, hata ukingo wake. Subiri lipotee, hesabu hadi kumi, ndipo uinyanyue.

Binti_Mkoani: Ngumi moja kasoro kidogo, basi. Nitawaletea habari.