Oili ipi kwa gari la dizeli Dodoma

Fungua kitabu cha gari kwanza, ndipo uende dukani. Kwenye 15W-40, namba iliyoandikwa kwenye kopo la oili, 15W ni wepesi wa oili injini ikiwa baridi. 40 ni uzito wake kwenye nyuzi 100. Baridi ya Julai Dodoma haigandishi, kwa hiyo 15W-40 inazifaa dizeli za zamani kama Land Cruiser yenye injini ya 1HZ.

Gari lenye chujio la masizi kwenye ekzosi ni habari nyingine: mengi hudai 5W-30 yenye alama ya ACEA C3, kiwango cha Ulaya cha oili isiyo na majivu mengi. Tafadhali usilimwagie oili yenye majivu mengi. Masizi huungua, majivu hayaungui. Yanabaki na kuziba chujio.

Kijiti cha kupimia oili kikionyesha imepanda na inanuka dizeli, imeshakuwa nyepesi. Ibadilishe, fundi akague nozeli zinazonyunyiza dizeli kwenye injini.