Namna ya Kujenga Onyesho la Kumbukumbu kwa Kuanzia na Wimbo

Waongozaji wengi wa filamu hupiga picha kwanza, wakahariri, kisha wakatafuta wimbo wa kuziba mapengo yaliyobaki. Katika maonyesho ya kumbukumbu, yaani sehemu za filamu ambamo mhusika anakumbuka yaliyopita, mimi hufanya kinyume chake, na njia ninayoieleza hapa nimeifuata tangu filamu yangu fupi ya pili, baada ya ile ya kwanza kuniumbua.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kusikiliza

Chagua wimbo mmoja unaokurudisha mahali fulani, lakini usiupige bado. Andika daftarini ulikotoka wimbo huo (redioni, chumba cha pili, au kinywani mwa mtu aliyekuwa akifua nguo), jinsi ulivyokwaruza, nani alinyamaza ulipoanza, na kipande kipi hasa kilichokukaa kichwani. Ukimaliza, usikilize. Aghalabu utakuta umekosea: wimbo una kasi kuliko ulivyodhani, au ubeti uliouita wa kwanza ni wa tatu. Usiyafute makosa hayo, kwa sababu akili huijenga kumbukumbu upya kila inapoirudia, na pale ilipopotosha ndipo panapoonyesha kilichokuwa na uzito kwako. Nimepata maonyesho mengi mazuri kutokana na ubeti niliokosea kuliko kutokana na mswada wowote niliouandika kwa uangalifu.

Hatua ya 2: Hakikisha wimbo ni wa mhusika, si wako

Wanasaikolojia wameona kwamba watu waliovuka miaka 40 hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo yaliyowapata walipokuwa kati ya umri wa miaka 10 na 30. Kwa hiyo piga hesabu: mhusika mwenye miaka 60 katika hadithi ya mwaka 2020 alikuwa na miaka 15 mwaka 1975, na nyimbo zake zitafutwe kuanzia hapo. Waongozaji vijana huwapa wazee nyimbo za ujana wao wenyewe, na mtazamaji mzee hulibaini hilo mara moja.

Hatua ya 3: Omba haki kabla ya kupiga picha

Hapa ndipo nilipoumbuka. Wimbo uliorekodiwa hubeba haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na mara nyingi haki hizo humilikiwa na watu tofauti. Mimi nilipata idhini ya mtunzi, nikafurahi, nikahariri onyesho la dakika nne kwa kufuata kila pigo. Mwenye rekodi alipokataa, uhariri wa filamu ulikuwa umeshafungwa, ikabidi onyesho lote livunjwe. Siku hizi huomba idhini zote mbili kwa maandishi, nikitaja matamasha, televisheni na mtandao, nchi zinazohusika na muda wa matumizi. Rekodi ikikosekana, mwigizaji auimbe wimbo huo kwa sauti ya chini akiwa kazini: hapo utahitaji haki ya utunzi tu, na mara nyingi sauti isiyo ya mwanamuziki hugusa zaidi.

Hatua ya 4: Hesabu mapigo

Kwa filamu ya fremu (picha moja moja zinazounda filamu) 24 kwa sekunde, wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika hutoa pigo moja kila baada ya fremu 12, na ule wa mapigo 90 kila baada ya fremu 16. Wimbo wa mapigo 100 hutoa fremu 14.4, maana yake ukikata kila baada ya fremu 14 bila kusikiliza, mikato itauacha muziki nyuma kidogo kidogo. Usikate kwenye kila pigo hata hivyo; hilo waachie watengenezaji wa matangazo.

Hatua ya 5: Wimbo uingie kama sauti ya mahali

Katika programu ya kuhariri sauti, punguza masafa ya sauti yaliyo chini ya hezi 300 (sauti nzito) na yaliyo juu ya hezi 3,000 (sauti nyembamba), ili wimbo usikike kama unatoka kwenye redio ndogo. Kadiri mhusika anavyozama katika kumbukumbu, rudisha masafa hayo taratibu mpaka muziki ulijaze jumba la sinema, kisha uukate kabla ya kiitikio. Baada ya mkato huo weka ukimya wa chumba chenyewe, ambao ulipaswa kuurekodi kwa dakika nzima siku ya kupiga picha, wakati kila mtu amesimama kimya.

Hatua ya 6: Tazama onyesho bila muziki

Likishindwa kueleweka, tatizo liko kwenye picha. Rudi ukahariri.

Daftari usilitupe filamu ikiisha. Langu limenipa kazi nyingi kuliko wasifu wangu, kwa sababu mtayarishaji akiuliza nina hadithi gani, humfungulia ukurasa mmoja na kumsomea. Ukurasa wa kwanza pekee sijauuza: ni wimbo ambao mama aliuimba akikosea maneno, na hadi leo sijautafuta nikasikia maneno yake sahihi.