Somo: Kupunguza ukingo wa zambarau katika picha za Mwezi kwa darubini ndogo ya lenzi

Ukiipiga picha sura ya Mwezi kwa darubini ndogo ya lenzi, yaelekea utaona utepe wa zambarau umeuzunguka ukingo unaong'aa, na vivuli vya ndani ya kreta (mashimo ya usoni mwa Mwezi), ambavyo vingepaswa kuwa vyeusi tii, vimeingia ubuluu. Rangi hiyo haiko mwezini. Huzaliwa kwenye lenzi ya mbele, kwa sababu kioo huupinda mwanga wa urujuani zaidi kuliko mwekundu, na kila rangi hukusanyika mahali pake. Lenzi ya vioo viwili, ambayo John Dollond aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1758, huzikutanisha nyekundu na buluu, lakini urujuani hubaki nje ya fokasi (mahali mwanga unapokusanyika), na kamera huunasa zaidi ya jicho.

Hatua ya kwanza, ambayo wengi huiruka wakakimbilia dukani, ni kutambua chanzo. Subiri Mwezi upande juu, kisha uweke katikati kabisa ya lenzi ya jicho. Zambarau ikifuata ukingo wote unaong'aa, mhusika ni lenzi ya mbele. Ikitoweka hapo katikati na kurudi Mwezi unaposogea pembeni, kagua lenzi ya jicho, au angalia kama simu imekaa sawa juu yake. Upande mmoja ukiwa na buluu na ule wa pili nyekundu, popote utakapouweka Mwezi, hiyo ni kazi ya hewa, ambayo hutenganisha rangi kama prizimu Mwezi unapokuwa chini. Ndiyo maana mwezi mwandamo unaozama ziwani, nyuma ya Jiwe la Bismarck, hutoka na rangi hizo hata kwa darubini ya bei kubwa. Sisi wa Mwanza tuna bahati: tuko takriban nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo Mwezi ukifika kileleni huwa angalau nyuzi 58 juu ya upeo, na ule wa robo ya kwanza huwa tayari uko huko giza linapoingia.

Hatua ya pili ni kupunguza mwangaza wa picha. Bonyeza Mwezi kwenye skrini ya simu bila kuachia mpaka kipimo cha mwangaza kijifunge, kisha shusha mwangaza hadi ukingo uache kuwa mweupe wa kuungua, kwa kuwa picha iliyoungua hunenepesha utepe wa zambarau.

Hatua ya tatu ni kupunguza kipenyo. Darubini iliyoandikwa 70/400 ina lenzi ya milimita 70 na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi kwenye fokasi) wa milimita 400, yaani mara 5.7 ya kipenyo, na ufupi huo ndio unaoiponza. Kata duara la kadibodi nyeusi lenye tundu la milimita 40 katikati, ulivalishe mbele ya lenzi, na uwiano huo utapanda hadi 10. Gharama yake si ndogo: mwanga hubaki theluthi moja, na kreta ndogo kabisa unayoweza kuitambua hupanda kutoka takriban kilomita 3 hadi zaidi ya 5. Mimi hupendelea tundu la milimita 50.

Hatua ya nne, kwa aliye nacho, ni kichujio cha manjano hafifu namba 8, kinachokata urujuani na sehemu ya buluu. Lenga upya baada ya kukifunga.

Hatua ya tano ndiyo ninayoiamini kuliko zote, na ni ya bure. Fungua picha katika programu ya kuhariri picha kama GIMP, tenganisha chaneli za rangi, ubaki na ya kijani peke yake kama picha nyeusi na nyeupe. Katika kamera nyingi nusu ya vitambuzi vya mwanga ni vya kijani, na lenzi hizi hutengenezwa ziwe kali zaidi karibu na rangi hiyo.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Niko Sengerema. Simu yangu ina kitufe cha kuondoa zambarau. Kwa nini nisikitumie tu?

Marahaba. Kitufe hicho hufuta rangi, lakini hakirudishi ukali, kwa sababu mwanga uliokwisha kutapakaa juu ya picha hubaki pale pale ukiwa wa kijivu.

Huku Ukerewe, je, taa za wavuvi wa dagaa zinaweza kuleta rangi hii?

Hapana. Isitoshe, mbalamwezi ikiwa kali wengi wao hawaendi ziwani.

Nikibaki na kijani tu, sipotezi rangi halisi za Mwezi?

Unazipoteza, na zipo. Bahari ya Utulivu (uwanda mweusi wa Mwezi, si maji), walikotua wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969, ina ubuluu kidogo kwa sababu mawe yake yana titani nyingi, lakini tofauti hiyo ni hafifu mno kiasi kwamba lenzi yenye zambarau huimeza. Kwa kazi hiyo azima darubini ya kioo cha kuakisi, kwa kuwa kuakisi hakutenganishi rangi.