Jinsi ya kupanga shoo ya gari za kitambo Nakuru, bure na bila makelele

Naulizwa sana hii kitu hupangwa aje, maana mtu akipita anaona tu Peugeot 504 na VW Beetle zimejipanga kando ya nyasi, hakuna tiketi, hakuna MC, watu wanazunguka na watoto na soda. Wacha niwaandikie vile huwa tunafanya. Ukiwa Kisumu ama Kakamega ni vile vile tu, badilisha jina la bustani.

Hatua ya 1: Mahali

Kila mtu mpya huanza kusema twende Menengai, view ni kali. Ni kweli, lakini pale juu ni zaidi ya mita 2,200 na kupanda kwenyewe kutakumalizia klachi kabla shoo ianze. Ndani ya mbuga ya Lake Nakuru nako kuna kiingilio getini, sasa bure itakuwa bure gani? Chagua bustani ya umma mjini kama Nyayo Gardens, miti iko, mama na watoto wanafika kwa miguu. Fanyeni Jumapili, Jumamosi maharusi wamejaa na wapiga picha wao.

Hatua ya 2: Ruhusa

Andika barua kwa kaunti, na muulize wazi gari zinaruhusiwa kusimama wapi, usibahatishe nyasi za watu. Alafu peleka notisi kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi. Sheria inataka ifike siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya mkutano, kwa hivyo ukipeleka mwezi mzima mapema ukidhani uko smati bado hujafanya kitu. Spika kubwa achana nazo, zina leseni yake na zinaua stori.

Hatua ya 3: Alika gari, lakini usiweke zawadi

Hapa ndio watu huharibu. Ukisema kuna kikombe cha gari safi zaidi, mzee mwenye Datsun 1200 pikapu yenye kutu mlangoni hatakuja, na yeye ndiye watu wanataka kumwona! Anayetaka majaji aende Nairobi kwa Concours d'Elegance, ile iko tangu 1970 na wanakagua mpaka chini ya gari. Sisi sheria yetu ni namba pleti: herufi tatu na nambari tatu, bila herufi ya mwisho, yaani gari ilisajiliwa kabla ya huu mfululizo wa namba za KAA ulioanza 1989. Ukiwa na ya baadaye kidogo njoo tu, hatufukuzi mtu.

Tafuta 504 stesheni wageni hata kama ni kukopa. 504 ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, lakini hapa kwetu watu hawaikumbukii rally, wanakumbuka ile Peugeot ya abiria ya kupanda stendi ya Nakuru kwenda Kisumu ama Eldoret, mmebanana siti ya nyuma na kuku chini ya miguu. Weka viti viwili kando yake, madereva wa zamani watakuja wenyewe na hutahitaji MC.

Hatua ya 4: Kufika bila kuvutwa

Wanaotoka Kisumu wanaanza karibu mita 1,130, wanapanda Kericho mpaka Mau Summit ndio washuke Nakuru, na gari ya kabureta (ile kitu ya kuchanganya petroli na hewa) huko juu hewa ikipungua inaanza kutoa moshi mweusi na kukohoa. Usisimame ukaanza kufungua-fungua kabureta kando ya barabara, ni petroli imezidi hewa, ukishuka itatulia. Ondoka alfajiri kukiwa baridi. Kabla ya hapo kagua hosi za rejeta, fan belti, na ujaze maji, na kwa mlima tumia gia ya chini injini izunguke vizuri badala ya kuilazimisha na gia kubwa. Ikizima ikiwa moto na ikatae kuwaka, mara nyingi petroli imechemka kwenye pampu: funika pampu na kitambaa kimeloa maji, ngoja, jaribu tena. Kifuniko cha rejeta usikiguse kikiwa moto, tafadhali.

Hatua ya 5: Kupanga

Gari zifike saa mbili asubuhi, wageni kuanzia saa nne. Acha nafasi ya mlango kufunguka wote na mama mwenye mtoto mgongoni apite. Tandika katoni chini ya kila injini, gari za kitambo huvuja oili hata mwenyewe akikuapia haivuji. Jiwe ama kipande cha mbao nyuma ya tairi, handibreki ya miaka hamsini si ya kuamini. Toa waya mmoja wa betri, mtungi wa kuzimia moto uonekane, na jiko la mama chai likae mbali na tanki.

Karatasi kwa kioo: mwaka, injini, nani aliinunua kwanza. Inatosha.

Hatua ya 6: Watu

Chagua gari moja ya watoto kukalia na kushika usukani, Land Rover ni sawa maana hakuna kitu ya kuvunja mle ndani, zingine unaomba kwanza. Mafundi wa jua kali waalike kwa heshima, wao ndio wamezitunza, na wape meza ya spea: pointi, kondensa, rota, kabureta za Solex. Mabroka pia watakuja kuuliza unauza ngapi, jibu ni hapana, hata kama bibi yako amesimama hapo akikutolea macho.

Pesa ni mchango wa wenye gari tu, wa magunia ya takataka na sanduku la huduma ya kwanza. Usiweke namba ya M-Pesa popote, ukianza kukusanya watu wataanza kudai burudani.

Hatua ya 7: Kuondoka

Saa tisa anzeni kufunga, mvua ya Nakuru hupenda jioni. Kusanya katoni zote zenye oili usiziache kwa pipa la bustani. Kila gari iwashwe mbele ya wengine, na ile imekataa isukumwe kwanza wakati vijana bado wako, maana mkibaki watu wawili na Mercedes ya dizeli yenye betri imekufa mtalala hapo.