Kupanga simu ili mtu mzima mwenye ulemavu wa akili ashike pesa zake mwenyewe

Mdogo wangu ana ulemavu wa akili. Ana kazi na mshahara wake. Haya ndiyo yaliyobaki baada ya majaribio yetu. Simu aishike yeye, wewe kaa pembeni. Pesa ni zake, na ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 inatambua haki yake ya kusimamia fedha zake sawa na wengine.

Hatua ya 1. Fungueni akaunti mbili, ya bili na ya matumizi. Mshahara uingie ya bili. Kadi iwe ya matumizi tu.

Hatua ya 2. Pangeni uhamisho wa kujiendesha kutoka ya bili kwenda ya matumizi. Hapa ndipo jasho lilinitoka. Tulianza na wa kila mwezi. Akiona salio la mwezi mzima, kwake lilikuwa pesa ya leo. Tarehe 9 hana kitu. Nikadhani tatizo ni hesabu, nikamfundisha kujumlisha wiki mbili bure. Kumbe namba moja kubwa haimwambii mtu ni ya siku ngapi! Uwe wa kila wiki, siku ileile. Ila akaunti ya bili ibaki na akiba ya wiki moja, maana mshahara ukichelewa uhamisho unagoma na huenda usijirudie. Malipo ya kadi nayo huweza kuchukua siku kadhaa kukamilika, basi mzoeshe kusoma salio linaloweza kutumika, si lile ambalo bado halijapunguzwa malipo hayo. Na kama kadi ya akaunti ya bili iliwahi kuingizwa kwenye simu, ifuteni. Akigusisha simu kwenye mashine ya malipo, kodi ya nyumba itaondoka.

Hatua ya 3. Simu na programu ya benki azifungue kwa alama ya kidole. Namba yake ya siri usiijue kabisa.

Hatua ya 4. Washeni arifa za kila muamala, simu izisome kwa sauti. Programu za bajeti zenye chati za duara siziwezi hata mimi.

Hatua ya 5. Dukani atumie kikokotoo, kila bei aipandishe: 3.40 aandike 4. Jumla ikizidi salio, kitu kimoja kinarudi rafuni.

Hatua ya 6. Muulize kama unaweza kuona miamala yake. Wangu aliniruhusu ya bili. Ya matumizi, alisema, hainihusu.