Kuchagua enkoda ya mota bila kujutia baadaye

Wengi wakitafuta enkoda (kifaa kinachopima shafti ya mota imezunguka kiasi gani) wanauliza ina palsi ngapi, yaani inatoa mipigo mingapi ya umeme kwa mzunguko, mi naanza na swali jingine: umeme ukikatika ukarudi, mashine inaruhusiwa kwenda kutafuta mwanzo upya?

Hatua ya 1. Kama inaruhusiwa, chukua inkrimentali, ni rahisi na inatosha kazi nyingi. Inatoa palsi tu, chaneli A na B (waya mbili za ishara) zimepishana robo ya kipindi cha palsi, inayotangulia ndo inakuonyesha shafti inazunguka upande gani, halafu Z inapiga mara moja kila mzunguko. Kama hairuhusiwi, mfano mkono wa roboti uko ndani ya moldi, hapo ni absoluti, kila mkao una namba yake. Ila angalia, ya mzunguko mmoja ikimaliza duara inaanza sifuri tena, kwa skurubu ndefu inayosogeza meza ya mashine chukua ya mizunguko mingi.

Hatua ya 2. Piga hesabu. Palsi 1024 kwa mzunguko, ukihesabu kingo zote za A na B (kila kupanda na kushuka) unapata 4096, na skurubu ikisogea milimita 5 kwa mzunguko basi kila hesabu ni kama maikroni 1.2. Usifurahi bado! Skurubu ikiwa na uchezaji (imelegea kidogo), enkoda iliyo nyuma ya mota haiuoni kabisa, labda ufunge skeli ya mstari (enkoda iliyonyooka kama rula) kwenye meza yenyewe. Na kasi je? Mizunguko 3000 kwa dakika ni palsi 51,200 kwa sekunde, input ya kawaida ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) haiziwahi, tumia kaunta ya kasi.

Hatua ya 3. Vumbi na mafuta, enkoda ya sumaku inavumilia kuliko ya mwanga. Joto kali na mtetemo, chukua rizolva, nayo inapima mzunguko wa shafti ila ndani ni koili tu.

Hatua ya 4. Funga kwa kaplingi (kiungo cha shafti mbili) inayonyumbulika, nyundo weka mbali, na waya wa enkoda usiulaze pamoja na wa mota, mi niliulaza nikabadilisha enkoda mbili nzima kabla sijashtuka kwamba shida ni waya.

Hatua ya 5. Draiva (kifaa kinachoipa mota umeme) ikiwa imezimwa, zungusha shafti kwa mkono duara moja, kaunta isome 4096. Ikicheza tu kati ya namba mbili, chaneli moja imekufa. Ikihesabu kinyume, badilisha A na B sasa hivi, maana ukiwasha draiva hivyo hivyo mota itakimbia fulu mpaka igonge mwisho.